Sare za Miaka ya Tisini

Kamati ya sherehe ya Krismasi ya ofisi yetu ilikuwa na watu watatu, na katika kikao cha pili mmoja wao nilimkaba koo. Alikuwa dereva wa kampuni, mtu mcheshi asiye na baya na mtu. Nilimbana ukutani chini ya kalenda, kiti kikaanguka kikavunjika, chai ikamwagikia karatasi ya mapendekezo, na mama wa mapokezi, aliyekuwa mwenyekiti wetu, akanitandika mgongoni kwa daftari la wageni mpaka nikaachia.

"Baba wewe," aliniambia akihema, "tunapanga Krismasi au tunapanga mazishi?"

Nilikuwa mtunza ghala wa kampuni ndogo ya kununua kahawa pale Mbinga mjini. Ofisini hakuna aliyeniita kwa jina, nilikuwa Stoo. Kwenye faili langu tayari kulikuwa na barua ya onyo la mwisho, kwa ajili ya ngumi niliyompiga mpakiaji mmoja msimu wa mavuno. Dereva angefungua mdomo siku ile, habari yangu ingekuwa imekwisha. Alitengeneza kola ya shati, akakohoa, akasema tuendelee na ajenda.

Wazo lenyewe lilitoka kwa bosi. Aliona kwenye simu yake watu wa ofisi fulani ya Dar es Salaam wamevaa mavazi ya zamani kwenye sherehe yao, akataka na sisi tuchague miaka kumi mojawapo ya zamani, tuvae na tule kama enzi hizo. Dereva alitaka miaka ya sabini, kwa ajili ya suruali za bugaluu na nywele za afro. Mama wa mapokezi akamuuliza hizo afro zitaota wapi, maana wanaume wote wa ofisi ile wana vipara. Mimi nikataja themanini.

"Themanini!" alishangaa. "Siku ya sherehe tukapange foleni ya sabuni?"

Ikabaki tisini. Wengi wetu tulikuwa shuleni miaka ile, na mama wa mapokezi akaja na wazo lililotufurahisha wote, hata mimi: tuvae sare za shule. Kaptula, soksi ndefu, sahani ya bati, kidumu cha maji, jembe begani. Tuanze na uji usio na sukari, ndipo tule pilau. Tuteremke ziwani, Mbamba Bay, tupange mstari ufukweni tukaguliwe kucha.

Hapo dereva akasema neno ambalo sikulisikia. Nikamwomba arudie. Alicheka, akarudia kwa sauti ya mtu anayezungumza na kiziwi: "Bosi awe mwalimu wa nidhamu! Si ndiyo kazi yake ya zamani?"

Ndipo nilipomkaba.

Sikio langu la kushoto limekufa tangu nikiwa kidato cha pili. Mimi ni mtoto wa ziwani, upande wa Chiwanda, ambako muhogo hulimwa kwenye udongo tambarare wenye mchanga na mtu halimi huku ameinamia mlima. Nilipandishwa huku juu kusoma bweni. Wamatengo, wenyeji wa huku juu, wanalima ngoro: wanafyeka nyasi, wanazilaza chini kwa mistari inayokatizana kama nondo za dirisha, kisha wanachimba katikati ya kila mraba na kufunika zile nyasi kwa udongo unaotoka. Mlima mzima unakuwa mashimo yaliyopangika, na mvua inyeshe itakavyo, udongo hauondoki. Mtoto wa Kimatengo anaijua kazi hii kabla hajajua kusoma. Shuleni kwetu ilikuwa adhabu ya wachelewaji.

Siku ya kwanza kupewa adhabu hiyo sikumuuliza mtu, kwa sababu ya aibu. Nilikuta nyasi zimelazwa vizuri kwa mistari, nikadhani mistari ile ndiyo alama ya pa kuchimba. Nikachimba kwenye nyasi. Nikang'oa mistari mitatu mizima, nikijisifu moyoni kwamba nimewatangulia wenzangu.

Mwalimu wa nidhamu akaja akasimama juu yangu. Alikuwa kijana wakati ule, mrefu, mikono mikubwa. Aliniambia kitu kwa Kimatengo ambacho sikukielewa. Wenzangu wakacheka, na mimi kwa adabu nikatabasamu. Kofi likatua kwenye sikio. Nikaanguka ndani ya shimo langu mwenyewe, akaniinua kwa ukosi wa shati, akanizaba la pili palepale pa kwanza.

"Sikio la kufa halisikii dawa," alisema, safari hii kwa Kiswahili.

Kesho yake mto wangu wa kulalia ulikuwa na maji yenye damu. Hakuna aliyenipeleka hospitali, na likizo ilipofika sikumwambia mama. Enzi zile ukisema nyumbani umepigwa shuleni, unaongezewa.

Miaka ikapita. Yule mwalimu akaacha chaki, akaingia kwenye kahawa, na siku niliyokwenda kwenye usaili wa kazi nikamkuta nyuma ya meza. Hakunitambua. Mimi nilimtambua kwa mikono kabla ya uso. Nilihitaji kazi, nikanyamaza, na tangu siku hiyo nilikaa naye ofisi moja nikimpa sikio la kulia. Kitu kimoja tu nilimnyima: shikamoo. Nilimsalimu "habari za asubuhi, bosi," naye akajibu nzuri, na watu wakasema Stoo hana adabu, watu wa ziwani ndivyo walivyo.

Nikiishia hapo nitakuwa nimewadanganya, maana la kwangu ni baya kuliko la kwake.

Jioni ya siku ile niliyomkaba dereva, nilirudi nyumbani nikiwa bado na moto kifuani. Nilikaa kwenye kigoda nje ya mlango navua buti, nikamwita binti yangu aniletee maji. Yuko darasa la nne. Nikaita mara ya kwanza, kimya. Nikaita ya pili, kimya. Nikaita ya tatu kwa sauti iliyowatoa majirani nje kuangalia. Nikanyanyuka, nikageuka, nikamkuta amesimama hatua mbili tu kutoka kwangu, upande wa kushoto, kopo la maji mkononi, ananitazama. Niliona kiburi. Nilimpiga kofi moja kwa mkono wote, kopo likaruka mpaka kwenye migomba, naye akaenda chini.

Mke wangu alitoka jikoni. Hakupiga kelele.

"Amekuitikia mara tatu," alisema. "Abee baba, abee baba, abee baba. Mimi nimemsikia nikiwa jikoni."

Asubuhi mtoto alisema sikio la kushoto linalia. Nikamuuliza linaliaje.

"Kama nyenje, baba. Hawanyamazi."

Nyenje hao ninawajua. Kwangu mimi walilia miezi miwili, halafu siku moja wakanyamaza, na kila kitu cha upande ule kikanyamaza pamoja nao.

Tulimpeleka hospitali. Daktari, kijana mpole, alichungulia ndani kwa kitochi chake akasema ngoma ya sikio imetoboka. Mara nyingi huziba yenyewe, alisema, ila si mara zote. Maji yasiingie, na tumrudishe baada ya Krismasi. Kisha akauliza mtoto aliumiaje. Mke wangu alinitazama, akaniachia swali. Nikasema alianguka. Mtoto alikuwa ameketi pale katikati yetu akichezea kifungo cha sare yake, wala hakunikanusha.

Njiani mke wangu alisema maneno machache. "Ukiinua mkono tena, kwake au kwa mtu yeyote, nampeleka Matiri kwa mama yangu. Sitakuaga."

Ndivyo nilivyoingia kwenye maandalizi ya Krismasi ile. Nilimwomba mama wa mapokezi anitoe kwenye kamati, akakataa. Alisema mtu aliyevunja kiti cha kampuni atabeba viti vya sherehe. Kwa hiyo nikabeba. Nilizunguka na dereva sokoni kutafuta sahani za bati, zile nyeupe zenye ukingo wa bluu, ambazo siku hizi kila duka linasema zimekwisha, watu wanataka plastiki. Nilisimama kwa fundi cherehani nikapimwa kaptula. Dereva alikuwa ananisimulia vichekesho kama kawaida yake, lakini niligundua kwamba siku hizi anakaa upande wangu wa kulia, na akicheka anarudi nyuma hatua moja.

Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini nilimjaribu mtoto. Nilisimama nyuma yake, upande wa kushoto, nikanong'ona, "Mama." Ndivyo ninavyomwita, kwa kuwa amerithi jina la mama yangu. Hakugeuka. Siku ya kwanza, siku ya tano, wiki ya pili, hakugeuka. Mke wangu alinitazama kutoka jikoni, nami nikachukua kofia yangu nikaondoka.

Wiki moja kabla ya sherehe bosi aliniita. Alikuwa na furaha ambayo sijapata kuiona kwake, amejaa kama mtoto aliyenunuliwa viatu. Alishapata shati la mikono mifupi na kalamu tatu za kuchomeka mfukoni.

"Stoo," alisema, "wewe nitafutie fimbo. Ya mpera, tafadhali. Mpera hauvunjiki."

Mpera ulikuwepo nyuma ya ghala. Nilikata tawi, nikalimenya, nikaingia nalo ndani, nikasimama mbele ya magunia. Nilitaka kujaribu mara moja tu. Nilichapa gunia, na sauti ile ikanirudisha bweni. Nikachapa tena. Nikachapa kwa mikono miwili, nikichapa mikono yake mikubwa, nikichapa vicheko vya wenzangu, nikichapa mkono wangu mwenyewe, mpaka gunia likapasuka na kahawa ikamiminika kwenye viatu vyangu. Nilipogeuka, wapakiaji wanne walikuwa wamesimama mlangoni. Nilipiga magoti nikaanza kuzoa kahawa kwa viganja, na pale chini nikaapa: nitapeleka fimbo, nitapanga mstari, nitasema shikamoo, nitakula pilau, nitarudi nyumbani na mikono yangu mfukoni.

Siku ya sherehe, Jumamosi ya mwisho kabla ya Krismasi, wenzetu walitangulia na Coaster ya kukodi. Mimi na dereva tulifuata na pikapu iliyobeba masufuria na spika, tukiwa tumevaa kaptula na soksi ndefu, watu wa barabarani wakitupigia miluzi. Kwenye mteremko wa kushukia ziwani tulipata pancha. Tulipofika Mbamba Bay, mstari ulikuwa umeshapangwa mchangani na kucha zimeshakaguliwa. Kina mama waliokuwa wakigeuza dagaa kwenye vichanja waliacha kazi kuwatazama watu wazima waliovaa kama watoto.

"Wachelewaji wawili!" alipaza sauti bosi, fimbo ya mpera kwapani. "Njooni hapa!"

Darasa zima likaitikia kwa wimbo ule wa zamani, "Shikamoo mwaaalimu," na mimi nikasema pamoja nao. Ilitoka. Haikuniua. Nikajiambia limebaki pilau.

"Adhabu," alisema bosi. "Ngoro. Kila mmoja mashimo manne."

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Ngoro kwenye mchanga wa ziwa! Dereva alikamata jembe akacheza nalo kama gitaa. Mimi nikaenda pembeni kukata nyasi. Nilizilaza mistari, nikaikatiza kwa mistari mingine, sawasawa, kama inavyotakiwa, nikachimba katikati. Nilitaka aone. Sijui kwa nini, mtu mzima wa miaka yangu, nilitaka sana yule mtu aone kwamba sasa najua. Lakini mchanga haushiki. Kila nilichochota kilirudi, mashimo yakajifukia, na nyasi zangu zikatokeza juu kama mbavu.

Kivuli kikanisimamia.

"Stoo bwana!" alisema kwa sauti ya kuchekesha watu. "Mtu wa ziwani mpaka leo hajui ngoro! Sikio la kufa halisikii dawa!" Akainama, akanigusa shavu la kushoto kwa kiganja, pap, pap, kama unavyomgusa mtoto wa ndugu yako.

Halikuwa kofi. Nataka hilo lieleweke, maana baadaye nilijaribu kuwaambia watu lilikuwa kofi.

Nilimpiga kichwa cha tumbo. Alianguka chali, nikamkalia, nikampiga ngumi ya pua, nikampiga nyingine, fimbo ikavunjika chini ya mgongo wake. Alijaribu kujikinga kwa ile mikono niliyoiota miaka yote, na nikashangaa jinsi ilivyokuwa myepesi kuisukuma kando. Nikamshika ukosi nikamkokota mpaka majini. Nilimzamisha kichwa, nikamtoa, nikamfokea sikioni, "Unasikia?" Nikamzamisha tena. "Unasikia?" Maji yalimtoka puani na damu. "Unasikia?"

"Nasikia," alisema. "Nasikia, nasikia."

Mama wa mapokezi alifika majini na sahani ya bati akanipiga nayo kisogoni, mara mbili, kwa nguvu zake zote. Dereva akanikumbatia kiunoni kwa nyuma akanibeba mpaka nchi kavu. Spika zilikuwa zimeshaanza kupiga muziki wa miaka ya tisini na hakuna aliyekumbuka kuzima.

Bosi alikaa ukingoni mwa maji. Kiatu kimoja kilikuwa kimepotea, shati lake jeupe lina damu, miguu yake myembamba imenyooka mbele yake. Alikuwa mzee. Nilimwambia yote kwa kelele, mbele ya watu wote: kidato cha pili, nyasi, makofi mawili, damu kwenye mto. Alinisikiliza akipumua kwa mdomo. Watu wakamtazama.

"Ulikuwa mkondo upi?" aliuliza.

"B."

Alifikiri kidogo, akatikisa kichwa. "B walikuwa wengi," alisema. "Sikukumbuki, Stoo."

Hakuwa akinidharau. Hakukumbuka kweli, na nilimwona akitafuta. Nitasema ukweli mwingine: wakati nampiga nilifurahi. Ulikuwa utamu ambao sijawahi kuupata kwa kitu kingine. Lakini nilipotazama mkono wangu ulikuwa unawaka, umevimba, na nilikumbuka kwamba jioni ile ya kopo la maji uliwaka vilevile. Mkono haukuwa umeona tofauti.

Pilau sikuonja. Dereva, yule niliyemkaba koo, ndiye aliyejitolea kunipandisha Mbinga. Njia nzima hakusimulia kichekesho hata kimoja. Tulipopanda milima, ngoro zilikuwa zimejaa mahindi machanga, kila shimo mahali pake. Kazi ilikuwa imekwenda, hilo nilijua bila kuambiwa. Barua niliipokea Jumatatu, imeandikwa na mama wa mapokezi na kusainiwa kwa mwandiko uleule uliokuwa ukisahihisha madaftari yetu. Mle ndani ya pikapu nilikuwa nawaza jambo moja tu, lile neno la mke wangu, "kwa mtu yeyote." Na simu za Mbinga zina mbio kuliko pikapu.

Dereva alinishusha barabarani. Jua lilikuwa bado juu. Mlangoni kulikuwa na begi la mke wangu limefungwa, na juu yake daftari za mtoto. Mke wangu alikuwa ndani. Nilisikia kabati likifungwa. Binti yangu alikuwa uani ameinamia beseni, anaosha vikombe, kanipa mgongo. Hakujua kama nimefika.

Nilikuwa bado nimevaa kaptula, miguu ina mchanga. Nilikwenda polepole nikasimama nyuma yake, upande wa kushoto, palepale niliposimama kila asubuhi. Nikamwomba Mungu, kwa mara ya kwanza tangu nianze kujaribu. Nikanong'ona.

"Mama."

Alisikia. Aligeuka kwa ghafla, kikombe kikaanguka, na mkono wake ulikuwa umeshapanda kufunika uso na sikio kabla macho yake hayajanifikia.

"Abee baba," alisema kwa nguvu nyuma ya mkono ule, karibu apige kelele, ili nisikie. "Abee baba. Abee baba."